Waliimba Kabla Sijajibu

Ijumaa, 30 Juni 1961

Daftari hili ni la Shule ya Jumapili, la kuandikia majina ya watoto. Kurasa za mbele nimezichana. Mtu aliyeokoka hana haja ya kuandika mambo yake kwenye karatasi, ana ndugu wa kuwaambia, kila Jumanne na kila Ijumaa. Miaka saba nimewaambia kila kitu. Leo sina wa kumwambia.

Asubuhi tulikuwa kwenye ushirika wa waliookoka nyumbani kwa Zefania, mwalimu wa kanisa letu, watu kama thelathini. Dorokasi akasimama. Sikushtuka, maana Dorokasi husimama kila mara. Ameshatubu ulafi, ameshatubu kumsengenya mke wa mchungaji, na mwaka jana alitubu kulitamani blanketi langu, tukacheka wote. Akasema Bwana amemsumbua siku nyingi kwa ajili ya mtoto. Nikadhani anamsema wake.

"Mtoto Asafu wa dada Perusi," akasema. "Ule moto niliuwasha mimi."

Asafu alikuwa mwanangu wa kwanza. Alikufa tarehe 29 Agosti mwaka 1952, umri wake miaka mitatu, kwa kuangukia chungu cha uji uliokuwa ukichemka ndani ya nyumba yangu. Mimi nilikuwa shambani nakata mtama wa mwisho. Nilikuwa nimemwacha na Dorokasi, jirani yangu na rafiki yangu, mimi na yeye tuliolewa kilima kimoja, mwaka mmoja. Dorokasi aliwaambia watu wote kwamba alikwenda kuchota maji, mtoto akiwa amelala, na kwamba moto chini ya kile chungu niliuacha mimi. Nilikuwa nakumbuka nimefukia makaa kwa majivu kabla ya kutoka, kama nifanyavyo kila asubuhi. Lakini nani atamsikiliza mwanamke anayezungumza habari za majivu wakati mtoto wake ameviringishwa kwenye mkeka? Mume wangu Erisa alikaa mwaka mzima na zaidi bila kula chakula nilichopika. Mama yake alisema mbele za watu kwamba kuna wanawake wanaosahau moto. Mwisho nikaacha kukumbuka. Nilijifundisha kwamba sikufukia.

Na mwaka 1954, nilipookoka, nilisimama katika ushirika huohuo nikatubu kwamba nimemuua mwanangu kwa uzembe. Nilianguka. Aliyeniinua alikuwa Dorokasi. Aliyeanzisha wimbo wa sifa alikuwa Dorokasi. Alinisikia nikiitubu dhambi yake, akaimba.

Leo naye alipomaliza, wakaimba. Kwetu ndivyo ilivyo, mtu akitubu wimbo unaanza, watu wanasimama, wanamkumbatia, jambo limekwisha. Waliimba kabla sijajibu. Mikono ikanisukuma kutoka nyuma mpaka nikajikuta kifuani pake. Erisa alikuwa upande wa wanaume, amefumba macho, anaimba sauti ya chini. Alikuwa anaimba vizuri.

Jumamosi, 1 Julai

Ukungu mpaka saa nne. Nimekata mtama wa ngazi za juu za shamba la mteremkoni peke yangu.

Jumapili, 2 Julai

Kanisani wameniamkia kwa furaha kama mwanamke aliyetoka kujifungua. Bwana asifiwe, dada, ni ushindi mkubwa. Nimeitikia. Sikuuliza ni ushindi wa nani.

Jumanne, 4 Julai

Nilikwenda kwenye ushirika kwa sababu nisingekwenda wangekuja wao. Mwalimu Zefania akasema tumshukuru Bwana kwa kazi aliyoifanya Ijumaa, na kama dada Perusi ana neno la shukrani, alitoe. Watu wakageuka. Dorokasi akainamisha kichwa, anangoja, machozi yameshakaa tayari.

Nikasema, "Mimi sijasamehe. Hamkuniuliza."

Zefania ni mtu mpole, hapandishi sauti. Alisema damu ya Yesu ikishatosha kwa mwenye kosa, haiwezi kukosa kutosha kwa aliyekosewa. Uchungu ni dhambi kama dhambi nyingine, akasema, na kwa upendo anaona kwamba dada yetu amepoa kiroho. Basi wakaniweka katikati wakaniombea. Nimekaa kwenye kigoda cha wagonjwa wa roho, mimi, na mwenye moto wake ameniwekea mkono kichwani. Aliomba kwa sauti kuliko wote.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba kitakuombea.

Jumatano, 5 Julai

Mama mkwe, bibi Kebitembo, amesikia. Yeye hajaokoka wala hana mpango huo, anakunywa pombe yake ya mtama na kusema Mungu anamjua kwa jina. Amepanda hadi kwangu na fimbo yake, akakaa mlangoni, akasema kwamba sisi watu wa ushirika tunamfulia mtu nguo mbele ya wageni huku mwenyewe yuko uchi. Nikacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Kisha akaanza kuchokoa udongo kwa ncha ya fimbo, kama anayetafuta kitu. Nilijua anachokitafuta, maana maneno yake ya mwaka ule ninayo yote. Hakukipata. Akafungua kanga yake akatoa furushi.

"Mimi sijaokoka, mwanangu, kutubu siwezi," akasema. "Nimekuletea njegere."

Nimezipika. Zilikuwa tamu.

Alhamisi, 6 Julai

Mtama.

Ijumaa, 7 Julai

Sikwenda kwenye ushirika. Erisa alikwenda, akarudi na uso wa watu wa ushirika, ule wa kumhurumia mtu aliye shimoni. Akaanza kunieleza kwa upole kwamba amenisemea, kwamba ndugu wananipenda. Nikamuuliza yeye Dorokasi amemsamehe lini. Akasema palepale, kwa neema.

Nikamwambia, "Mimi ulinisamehe baada ya mwaka na miezi minne. Nilikuwa nakupikia, unachukua sahani unampa mbwa mbele yangu. Yeye umemsamehe wimbo haujafika ubeti wa pili."

"Wakati ule nilikuwa sijaokoka, mama Yunia," akasema.

Jibu safi kabisa. Kwetu yaliyotendwa kabla ya wokovu yametupwa baharini, hayaulizwi. Sijui nani aliniachia mimi kazi ya kuishi humo baharini. Nilitoka nikaenda kupanga masuke yasiyohitaji kupangwa.

Jumatatu, 10 Julai

Baridi kali. Mwanangu Yunia ana kikohozi.

Ijumaa, 14 Julai

Kilima chetu huvuna kwa zamu, wanawake kumi na moja, leo kwangu, kesho kwa mwingine. Leo ilikuwa kwangu. Dorokasi akaja na kisu chake na kikapu chake, wa tatu kufika. Mtu aliyekuja kwenye zamu hafukuzwi, hata kama jana alichoma nyumba yako. Akachukua mstari wa pili kutoka kwangu. Tulikata mtama siku nzima na kati yetu kuna mwanamke mmoja tu, maskini, anazungumza habari za kuku wake bila kupumua.

Mchana Dorokasi aligawa uji. Alipofika kwangu akatoa kibuyu kwa mikono miwili. Wenzangu wote walikuwa wanatazama masuke kwa bidii. Nilipokea, nikakiweka chini, sikunywa. Anajua kukata, lazima niseme. Hakuacha suke hata moja.

Miaka hii tisa nimemhesabu kuwa mtu mwenye moyo wa huruma. Kila mwaka tarehe ya Asafu alikuwa anakuja kukaa na mimi, anakaa tu, hasemi kitu, nami nilimwambia Erisa kwamba huyo ndiye rafiki. Sasa nazirudia siku hizo moja moja, na ndani ya kila moja nakuta uongo wake umeshaingia.

Jumapili, 23 Julai

Mwalimu Zefania ameniomba nipumzike kufundisha Shule ya Jumapili mpaka moyo wangu uwe mweupe. Meza ya Bwana pia nisiikaribie kwanza. Watoto amepewa Dorokasi. Hakufanya kwa ubaya, alisema ndiye peke yake aliyebaki wa kufundisha. Yunia ameniuliza nimeiba nini.

Jumamosi, 29 Julai

Zefania alikuja mwenyewe, kwa miguu, bila kofia. Mkutano mkuu wa wilaya uko katikati ya Agosti, na wazee wameomba tusimame wawili jukwaani, Dorokasi na mimi, tutoe ushuhuda. Maelfu watakuwepo. Ni mafundisho makubwa, akasema, mama aliyefiwa, na mwenye kumwua mtoto wake, wameshikana mikono.

Nilimwambia Asafu hakuwa mafundisho, alikuwa mtoto, alikuwa na jino moja lililopinda na alikuwa anaogopa mbuzi.

Kisha akasema kitu ambacho sikutegemea, kwamba ana kaka yake kule bondeni hajazungumza naye miaka kumi na minne, na kila akihubiri habari za kusamehe anamwona amekaa kwenye benchi la mbele. Nikamuuliza mbona hajatubu hilo kwenye ushirika. Akasema kaka yake ndiye mwenye kosa. Tukatazamana. Alikwenda zake bila kuomba, na Zefania haondoki nyumbani kwa mtu bila kuomba.

Nilikuwa nimemchukia wiki nne nzima. Ni yeye aliyenibeba kwenye machela hadi hospitali nilipokuwa na mimba ya Yunia, maili kumi na moja, mvua inanyesha. Nilikuwa nimelisahau kwa makusudi.

Alhamisi, 3 Agosti

Erisa alikuja shambani saa ambayo huwa yuko kwenye useremala wake. Hakuleta kisu. Alisimama kwenye ngazi ya chini yangu hata nikawa namwona kichwa na mabega tu.

Akasema, "Ile sahani. Ya mbwa."

Nikakata suke lililokuwa mkononi.

"Nilikuwa nakuona unavyonitazama. Nilijua inakuua, ndiyo maana nilifanya. Wokovu hauhusiki hapo. Nisamehe."

Hakulia, na hakuna aliyeimba, maana hapakuwa na mtu. Nilimwambia nimesikia. Akauliza kama kusikia ni kusamehe. Nikasema bado, lakini ni njia ileile. Akaketi kwenye ukingo wa ngazi, fundi mzima mchana kweupe, akanipokea masuke nikikata mpaka jua lilipogeuka. Jioni amekula akaosha sahani yake mwenyewe, na Yunia aliona, kesho kilima kizima kitajua.

Jumanne, 8 Agosti

Wenzangu walipokuwa kwenye ushirika nilikwenda kwa Dorokasi. Nilijua hatakuwepo huko, kwa kuwa zamu ya uwanja wa kupuria ilikuwa yake na mtama haungoji. Alikuwa peke yake uwanjani, amefunga kitambaa puani kwa sababu ya vumbi, anapiga masuke kwa fimbo. Aliponiona aliacha fimbo ikaanguka.

Nikamwambia sikuja kwa ugomvi wala kwa upatanisho. Nimekuja kwa sababu amewaambia watu thelathini kwamba aliuwasha moto, na mimi mwenye mtoto sijui zaidi yao. Aniambie siku ile yote, tangu nilipotoka mlangoni. Akasema, "Mama Asafu, utaumia." Hakuna aliyekuwa ameniita hivyo tangu Yunia azaliwe. Nikakaa juu ya rundo la makapi nikamwambia aanze.

Akaanza. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, ile iliyotoka baadaye, na alikuwa anaona njaa kama mtu mwenye minyoo. Moto ulikuwa umefukiwa vizuri. Aliyafukua majivu yeye, akatia kuni, akaubandika uji. Asafu hakuwa amelala hata kidogo. Alikuwa anamfuata kila aendapo, anaiga kuku, akauomba uji, yeye akamwambia ngoja, wa moto. Ndipo mchuuzi wa vitambaa akapita njiani. Dorokasi akatoka kutazama. Hakuwa na nia ya kununua, alitaka kushika tu kitambaa kimoja cha rangi ya bluu. Hakwenda kisimani wala hakuwa na mtungi.

"Aliita?" nikauliza.

"Aliita."

"Aliita nani?"

"Aliniita mimi," akasema. "Aliita Doro."

Nilitaka kumpiga. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye: fimbo ya kupuria ilikuwa karibu na mguu wangu na nilitaka kumpiga nayo. Mwanangu alikufa akimwita mwanamke aliyekuwa anapapasa kitambaa. Lakini pia sijawahi kujua kwamba aliiga kuku asubuhi ile. Miaka tisa nimefikiri alilala akaamka peke yake kwenye nyumba tupu. Kumbe alikuwa anacheza. Nilishika vyote viwili, na hakuna kilichokuwa chepesi.

Nikamuuliza kwa nini alisema ni mimi. Akasema aliniona nakuja nakimbia na kisu cha mtama mkononi, akaogopa, neno likatoka. Likishatoka, kila siku lilikuwa gumu zaidi kulirudisha. Hilo nililielewa, sikutaka lakini nililielewa. Kisha nikauliza lile lililonileta.

"Nilipotubu mimi, mbona uliimba?"

Dorokasi akavua kitambaa puani. "Nilifurahi," akasema. "Nilidhani imekwisha. Nilidhani dhambi ni moja, na ikishatubiwa imetubiwa, Mungu haangalii ni kinywa cha nani. Wewe ulitubu vizuri kuliko ningetubu mimi. Nikasema basi, sote wawili tumetoka. Halafu nikaona wewe unalala na mimi silali. Miaka saba nimetubu kila kitu kingine, mama Asafu. Hata blanketi lako. Nilikuwa nalizunguka tu."

Sikujua kama nicheke au nilie, nikafanya vyote. Ni sisi tuliomfundisha upuuzi huo, mimi pia nimo, kwa haraka yetu ya kuimba.

Nikamwambia kama anataka msamaha aniombe mimi, hapa, bila ndugu. Akapiga magoti kwenye punje za mtama. Nikamwambia ainuke, aombe kama mtu anayeomba kitu kwa mwenye nacho. Akainuka, akaniomba. Alisema tu, "Nilikuua wewe pia. Nisamehe."

Nilitafuta ndani yangu. Kulikuwa na kidogo sana, kama unga wa chini ya kinu. Nikamwambia, "Kwa leo nimekusamehe. Wa kesho sina. Kesho njoo uombe tena."

Jumatano, 9 Agosti

Amekuja, umande haujakauka. Amesimama mlangoni akaomba. Nimempa.

Alhamisi, 10 Agosti

Amekuja. Nimempa.

Ijumaa, 11 Agosti

Amekuja. Sikuwa nao. Nilimwambia hivyo, akaitikia kwa kichwa, akashuka kilima.

Jumamosi, 12 Agosti

Amekuja. Nimempa, na wa jana nikamwongezea.

Jumatatu, 14 Agosti

Mwalimu Zefania amesikia, akaja na sikitiko. Akasema Bwana husamehe mara moja tu na yamekwisha, hasamehi kwa kibarua, kila siku na zamu yake. Nikamwambia Bwana mwenyewe alitufundisha kuomba mkate wa leo, si wa mwezi, na msamaha umefuata hapohapo nyuma ya mkate. Na Petro alipouliza aliambiwa sabini mara saba. Mimi namsamehe mtu kosa moja, lakini linanirudia kila nikiamka, basi kila nikiamka nalisamehe upya. Kama kuna njia fupi, yeye na kaka yake wanionyeshe.

Nilijuta hilo la mwisho. Alicheka kidogo lakini, kicheko cha mtu aliyekanyagwa penye kidonda.

Ijumaa, 18 Agosti

Mkutano mkuu umeanza. Hatukwenda jukwaani. Dorokasi aliwaambia wazee ushuhuda wake haujaiva. Asubuhi alikuja. Nimempa.

Jumatatu, 21 Agosti

Amekuja. Nimempa huku nimeuma meno.

Alhamisi, 24 Agosti

Amekuja. Yunia amemkaribisha uji kabla sijasema kitu. Alikunywa kwa haraka akitazama chini, akaomba, nikampa, akaenda.

Jumanne, 29 Agosti

Leo ni miaka tisa. Alikuja kama siku zote. Nilimwona anapanda kutoka mbali na nikahisi hasira inapanda pamoja naye, hatua kwa hatua. Hakuwa amefungua kinywa nikamwambia leo asithubutu. Nikamwambia angekuwa na haya angekaa kwake siku hii. Nikamwambia amekuja kwangu siku hii kila mwaka, akakaa kwenye mkeka wangu akila huruma iliyokuwa yangu. Nikasema mengine. Erisa alitoka akanishika bega. Dorokasi alisikiliza yote, akasema ndiyo, akageuka.

Sijutii. Yalikuwa yangu na ilikuwa haki yangu kuyasema.

Jumatano, 30 Agosti

Hakuja. Afadhali.

Alhamisi, 31 Agosti

Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri. Tumekimbia kuingiza mtama uliobaki.

Hakuja. Nilikuwa naenda mlangoni kila mara kutazama njia, nikajiambia natazama mawingu. Hasira niliyokuwa nayo leo ni ya ajabu, kwa sababu ni ya kuachwa. Nimezoea kumngoja. Mtu aliyenifanyia vile ananingojesha mlangoni pangu mwenyewe.

Ijumaa, 1 Septemba

Ilikuwa siku ya ushirika. Nilifika njia panda, wenzangu wakakata kushoto kwenda kwa Zefania, mimi nikakata kulia. Hakuna aliyeniuliza.

Njia imekuwa tope. Nimeteleza mara mbili, mara ya pili nimekaa chini kabisa mbele ya ng'ombe wa watu. Dorokasi alikuwa jikoni kwake, amekaa mbali na moto, mikono magotini. Hakuwa mgonjwa. Aliponiona hivyo, tope mpaka kiunoni, alisimama akakosa pa kuiweka mikono. Akasema aliona ananichosha. Akasema labda mlango wenyewe ulikuwa umefungwa, na yeye hakutaka kuulazimisha.

"Juzi hukuja, na jana hukuja," nikamwambia. "Msamaha wa siku hizo ulikaa ukanilalia moyoni. Nimekuletea wa siku zote, na wa leo."

Akaniuliza, taratibu, wa kesho utakuwaje.

Nikamwambia kesho apande yeye, mimi magoti yananiuma.